Tulivyomwachisha Ziwa Someno

Wadogo zangu wa kituo, mliniomba niandike kabla sijasahau. Sijui nani aliwaambia kwamba mtu akistaafu anaanza kusahau siku hiyohiyo. Nimeacha kazi mwisho wa mvua zilizopita na bado nakumbuka kila kitu, hata ni nani kati yenu aliyevunja thermosi yangu ya bluu akasema ni upepo. Lakini nimekubali, kwa sababu kuna mambo hayamo kwenye karatasi zilizobandikwa mlangoni pa jiko, na mkiyajua mapema mtajipunguzia machozi. Sitaandika nani alipandishwa cheo na nani aliachwa. Sokwe hawakujua vyeo vyetu, na hawakupungukiwa na kitu.

Mimi niliingia katika kazi hii kwa makosa. Mwanamke mmoja wa parokia yetu aliniambia kwamba ukipita uwanja wa ndege wa Luano, kwenye barabara ya Kasenga, kuna kituo cha yatima kinachotafuta wamama wenye subira. Subira ninayo, watoto watano walikuwa wameshanifundisha. Mume wangu alikuwa mtu wa reli kama alivyokuwa baba yangu, na miaka ile treni zilipita kwa nadra kama askofu, kwa hiyo nyumba ilihitaji mtu wa pili wa kufanya kazi. Nikavaa kitenge changu cha Jumapili, nikachana nywele vizuri, nikaenda kuwaona hao yatima.

Aliyenipokea ni Mama Kalumba, ambaye wachache wenu mliwahi kumkuta. Alikuwa mwanamke mfupi wa Kambove, wa familia zilizolima pale kabla ya mgodi, na ndiye aliyekuwa mkubwa wa walezi. Alinitazama kuanzia kichwani hadi viatuni, akaniuliza kama nyumbani nina kitenge kingine ambacho sikipendi. Nikamwambia ninacho. Akasema kesho nije na hicho. Halafu akaniwekea yatima wa kwanza kifuani. Kwa hesabu yangu ya siku ile alikuwa na mikono minne, na yote minne ilinishika. Nilitaka kupiga kelele, ila yule mtoto aliegemeza kichwa chini ya kidevu changu akashusha pumzi, vilevile alivyofanya Clarisse wangu akichoka, na kelele ikaniishia kooni. Nilipokuja kujitazama, kitenge cha Jumapili kilikuwa kimelowa hadi kiunoni. Mama Kalumba akasema basi, nimeshapata kazi.

Mtaani waliniita Mama Makako, yaani mama wa nyani. Mwanzoni niliudhika, baadaye niliitika. Hata padre alisahau siku moja akaniita hivyo mlangoni pa kanisa, akajifanya anakohoa.

Vyombo vyetu vilikuwa vichache: kitambaa cha kubebea, biberoni, yaani chupa ya kunyonyeshea, thermosi ya maji ya moto na sindano ya kushonea. Sindano ilikuwa ya kutoboa chuchu ya biberoni. Unaichoma motoni, unatoboa tundu moja dogo, unapindua chupa na kuangalia. Maziwa yakidondoka tone kwa tone, vizuri. Yakitiririka, mtoto atapaliwa, na sokwe mchanga aliyepaliwa huishia kuugua mapafu. Chupa za siku hizi zinakuja na tundu lake tayari, lakini msiache kuzipindua, kwa maana aliyezitengeneza hajawahi kumnywesha sokwe. Asubuhi za mwezi wa sita, baridi yetu ikiwa imeshuka, tulijaza maji ya moto kwenye chupa za plastiki, tukazifunga ndani ya vitambaa, tukawawekea watoto mgongoni.

Sheria ya Mama Kalumba ilikuwa moja, na hakuiandika popote. Mtoto mdogo hawekwi chini. Huko porini sokwe mchanga anaishi juu ya mwili wa mama yake, na ukimweka sakafuni anaelewa jambo moja tu, kwamba ameachwa. Kwa hiyo tulipika nao, tulifagia nao, tulifua nao, na hata chooni, samahani, tulikwenda nao. Mgongo wangu unaolalamika leo ulianza malalamiko yake pale.

Hapa niseme jambo ambalo sikuwahi kulisema kazini. Clarisse, kitinda mimba wangu, nilimwachisha ziwa wiki ileile niliyopata kazi. Alikuwa na mwaka na nusu hivi. Nilifanya kama mama yangu alivyonifanyia mimi: nikasaga kidonge kichungu cha kinini, nikapaka kwenye chuchu, akanyonya mara moja, akanitazama kwa hasira ya mtu mzima, na hakurudi tena. Kisha nikampeleka Katuba kwa mama yangu. Kwetu ndivyo ilivyo. Mtoto akishatolewa ziwani anahamia kwa kambo, yaani kwa bibi yake, ili amsahau mama kidogo na ajifunze kula. Basi kila asubuhi mimi nilikuwa nambeba mtoto wa sokwe mgongoni, na mtoto wangu akibebwa na mama yangu upande wa pili wa mji. Niliona wivu. Kuna siku nilimwonea wivu mama yangu hadi nikakosa hamu ya kumsalimu.

Someno aliletwa mwaka uleule. Desturi yetu, ambayo nafurahi kwamba mmeishika, ni kumpa kila mmoja jina la mahali alipookolewa. Yeye alitolewa ndani ya kikapu cha kuku, juu ya lori, kwenye kizuizi cha Kasomeno. Akawa Kasomeno, na kwa kuwa hakuna mwenye pumzi ya kuita jina refu kutwa nzima, akawa Someno. Dokta Mukalay alimfungua kinywa, akahesabu meno ya maziwa, akasema huyu ana mwaka mmoja na kitu, karibu sawa na Clarisse. Nadhani ndiyo sababu Mama Kalumba hakumpa mtu mwingine. Alinifunga kitambaa mwenyewe, akakaza fundo.

Dokta Mukalay mnamjua akiwa na mvi na miwani. Wakati ule alikuwa kijana, amesomea ng'ombe na mbuzi, na alikuwa akijifunza sokwe kama sisi, siku kwa siku. Sokwe waliokuwa wamekwisha kukua pale kituoni walikuwa wamekuja wakubwa kidogo, wanakula wenyewe. Mdogo kama Someno hatukuwa tumewahi kumlea hadi akue. Hilo mlikumbuke, kwa sababu linaeleza yaliyofuata.

Mwaka wake wa kwanza kwangu ulikuwa wa raha. Alicheka ukimtekenya, kicheko cha pumzi tupu bila sauti, kinywa wazi. Alificha kiatu changu kimoja kila siku, na daima kile cha kushoto. Ndege ikishuka kwenda Luano alijitupa ndani ya blauzi yangu, na ikishapita alitoa kichwa nje akaikemea, kana kwamba yeye ndiye aliyeifukuza. Nilimpenda. Sina neno jingine, na sioni sababu ya kulitafuta.

Alipokaribia miaka miwili na nusu, tukakaa kwenye baraza la jiko kuzungumzia biberoni yake. Maziwa yalikuwa yanaisha haraka, kulikuwa na wadogo wapya wawili, na Someno alikuwa anapanda juu ya paa na kumenya ndizi. Mama Kalumba akasema kile ambacho kila mmoja wetu alikuwa nacho kichwani.

"Mutoto anatembea, meno iko mu kinywa, ndizi anakula. Sasa maziba ya nini tena? Tumutoshe, aende ku kambo yake."

Kumtosha ku maziba ndiyo kumwachisha ziwa, na hakuna aliyebisha. Wote tulikuwa wazazi, na wote tulikuwa tumefanya hivyohivyo nyumbani. Mimi ndiye niliyeunga mkono kuliko wote, maana Clarisse alikuwa Katuba, mnene, mwenye afya. Hata Dokta Mukalay aliona ni sawa. Yeye mwenyewe alitolewa ziwani akiwa mdogo kuliko Someno, akapelekwa kwa kambo yake, na alituambia kwamba huko ndiko alikonenepa. Mtu aliyelelewa nchi nyingine pengine angeuliza swali. Pale barazani hakuwepo.

Na kambo tulikuwa naye. Alikuwa Likasi, sokwe jike mzee aliyeishi miaka mingi kwa mnyororo nyuma ya baa kabla hajafika kwetu. Alikuwa mpole, hana ugomvi, na watoto wakimpanda mgongoni aliwaacha. Tukaona huyo ndiye. Tukapaka kinini kwenye chuchu ya biberoni, Someno akanyonya mara moja, akatema, akanitazama. Siku iliyofuata nikamfungulia mlango wa banda la Likasi, nikaondoka bila kugeuka, kama tunavyofundishana. Ukigeuka mtoto analia zaidi.

Siku za kwanza alilia, na sisi tukasema ni kawaida. Kisha akanyamaza, na sisi tukasema amezoea. Hakuwa amezoea. Aliketi amegeukia ukuta, akaanza kung'oa manyoya ya mkono wake mmoja, unywele baada ya unywele, mpaka ngozi ikaonekana. Ndizi tuliyompa aliishika tu. Viazi vitamu hakuvigusa. Likasi hakumpiga wala hakumfukuza. Alimwacha alale karibu naye. Lakini chakula kikiletwa, Likasi alijikusanyia chake, akaketi, akala mpaka mwisho, na Someno akiwa pale hatua mbili, mkono umenyooshwa, hakupewa hata ganda.

Sisi wamama tulisimama nje ya wavu tukitazama, na tulikasirika kabisa, kama watu waliotukaniwa ukoo.

"Ule njo kambo wa namna gani?" Mama Kalumba alisema. "Anakula yeye moya, mutoto anamuangalia tu."

Dokta Mukalay alitafuta ugonjwa. Alipima choo kutafuta minyoo, akapima damu kutafuta malaria, akasikiliza mapafu. Hakupata kitu. Alimwekea maji ya mshipa, Someno hakupinga, na hilo ndilo lililotutisha, kwa sababu Someno mzima angemng'oa dokta masharubu. Mbavu zikaanza kuhesabika. Siku ya Jumamosi Dokta Mukalay alinivuta kando akaniambia taratibu kwamba akiendelea hivi hatafika wiki nyingine, na kwamba amempigia simu mwenzake aliyesoma naye, anayefanya kazi na sokwe wa porini upande wa Tanganyika, ili amuulize. Nilimwitikia kwa kichwa tu. Nilirudi nyumbani nimebeba kitambaa kitupu begani, na njia nzima nilihisi uzito wake.

Jumapili baada ya misa nikaenda Katuba kumwona Clarisse. Sikwenda kutafuta jibu, nilikwenda kumshika mtoto aliye mzima. Nikakuta hayuko uani. Mama yangu alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, akanionyesha kwa kidevu upande wa majirani. Nikaketi kumngoja, na kwa mara ya kwanza tangu nimlete pale nilimtazama mtoto wangu vizuri, saa nzima, bila haraka ya kurudi.

Clarisse alitoka kwa jirani wa kwanza akiwa na hindi la kuchoma, limeshapukuchuliwa nusu na mtu mwenye subira. Akapita kwa jirani wa pili, akapewa karanga, na binti wa pale akazimenya moja moja akamtia kinywani. Akaja kwetu. Mdogo wangu wa kike akamkalisha mapajani, akamtolea miiba ya samaki. Mama yangu akafinyanga tonge la bukari, ugali wetu, akalipoza kwa pumzi, akalichovya kwenye mchuzi, akampa. Kisha mtoto wa kaka yangu akamwita akale naye maembe, na Clarisse akaenda, tumbo limetangulia. Katika mambo yote hayo hakutafuta chakula chake mwenyewe hata mara moja. Alifungua kinywa tu, na kila alipokifungua palikuwa na mkono.

Nikamwambia mama yangu kwamba mtoto amenenepa. Nilisema kwa sauti ya pongezi, yeye akasikia lawama, kama kawaida yake.

"Unawaza ulimutosha ku maziba?" aliniambia. "Hapana. Sasa ananyonya Katuba muzima."

Alikuwa analalamika tu, kwa sababu majirani walikuwa wanamharibia mtoto hamu ya chakula cha mchana. Lakini mimi niliketi pale na kipande cha bukari mkononi, sikukila. Nilimwona Someno amenyoosha mkono hatua mbili kutoka kwa Likasi. Sisi hatukumtoa ziwani tu. Tulimtoa ziwani tukampeleka mahali ambapo hapakuwa na mkono hata mmoja, na tulifanya hivyo kwa roho safi, kwa sababu kwetu mikono ipo daima, hata hatuioni tena.

Jumatatu nilifika mapema, na Dokta Mukalay alikuwa amefika kabla yangu. Mwenzake alikuwa amemjibu. Sokwe wa porini ananyonya miaka minne, wengine mitano, mpaka karibu mama yake azae mwingine. Na siku akiacha kunyonya, hakuna wa kumlisha: anajitafutia mwenyewe, kwa sababu katika miaka ile yote mgongoni amejifunza kila tunda na kila jani. Likasi hakuwa kambo mbaya. Kati ya sokwe kazi hiyo haipo. Mimi nikamweleza niliyoyaona Katuba. Yeye alikuwa na nusu ya jambo na mimi nilikuwa na nusu nyingine, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kujisifu.

Tukamtoa Someno kwa Likasi, nikamfunga kifuani, nikampa biberoni mpya isiyo na kinini. Akaikataa. Akageuza uso. Nikajaribu tena saa sita, akaikataa. Kesho yake vilevile. Alikuwa ananishika, ila kwa ulegevu, na kichwa hakukiweka tena chini ya kidevu changu. Nililia mbele ya watu wote, na aliyepita alipita.

Mama Kalumba ndiye aliyevunja sheria ya kituo. Mnaijua: mlezi hali chakula chake mbele ya wanyama. Siku ya tatu alitoka jikoni na sufuria yetu ya mchana, bukari na mchicha wetu wa lengalenga, akaitua katikati ya uwanja wa watoto, akatandika mkeka, akatuita sote. Dokta Mukalay akafungua kinywa kukataza, akakifunga, akanawa mikono, akaketi. Tukala kama watu wa ua mmoja. Tulizungumza habari za mitaani, tukacheka kwa kulazimisha mwanzoni, halafu kweli, maana mke wa mlinzi alikuwa na hadithi zake. Someno alikuwa mapajani mwangu amegeukia nje. Hakuna aliyemwangalia. Mama Kalumba alikata tonge dogo, akalipoza, akaliweka kwenye kiganja chake wazi, karibu na goti langu, akaendelea kuongea na mtu mwingine.

Lile tonge lilikaa pale muda mrefu. Kisha mkono mdogo, ule wenye ngozi tupu, ukatoka ukalichukua.

Mke wa mlinzi aliendelea na hadithi yake. Someno alikula lile, akala la Dokta, akala la jirani yangu wa kushoto. Mchana ule, alipochoka, niliweka biberoni mkononi mwangu bila kumsogezea, akaivuta mwenyewe. Alinyonya hadi mwisho, halafu akaweka kichwa mahali pake chini ya kidevu changu. Kuanzia pale alipata maziwa hadi alipokaribia miaka mitano, na chakula cha mchana tulikila pamoja mpaka manyoya yake yakarudi. Ndiyo maana kituo chetu kinaagiza maziwa mengi kuliko wanavyotarajia wageni, na ndiyo maana msikubali mtu ayapunguze.

Swali lilibaki, na Dokta Mukalay alilikokota kwa miaka. Kama sokwe ananyonya kupita mtoto wetu, inakuwaje anakomaa kabla yake? Tulikuwa na mifano mitatu mbele ya macho. Chuma, mbwa jike wa mlinzi, alizaliwa mwaka mmoja na Clarisse na Someno. Clarisse alipoanza darasa la kwanza, Chuma alikuwa ameshazaa mara nyingi, na kabla Clarisse hajamaliza shule ya msingi Chuma alikuwa na pua nyeupe na hasikii vizuri. Someno alikuwa katikati. Jino lake la kwanza la kudumu, lile gego la nyuma, lilitoka akiwa na miaka mitatu na kitu. La Clarisse lilingoja hadi sita. Someno akiwa na miaka minane alikuwa na nguvu za wanaume wawili, tukaacha kuingia bandani kwake. Clarisse akiwa na miaka minane alikuwa hajui kufunga kamba za viatu, na nilimfunga.

Dokta alinieleza hivi, nami nawaeleza kwa lugha ya jiko. Mwili wa mtoto una gunia moja la makaa. Kwa mtoto wa mtu, kichwa kinachoma sehemu kubwa ya gunia, mwaka baada ya mwaka, kwa sababu kuna lugha, kuna watu wa kuwajua, kuna kazi za mikono. Kwa hiyo mifupa na mengineyo yanangoja zamu. Mbwa hana mengi ya kujifunza, anamaliza gunia kwenye miguu na kuzaa. Lakini mtoto anayengoja miaka yote hiyo hawezi kujilisha, na mama peke yake hawezi kumlisha huku amebeba mwingine. Lazima wawepo wengine. Na hapo, alisema, pengine ndipo inapotoka miaka yetu mirefu. Likasi angeweza kuzaa hadi karibu na kifo chake, na akiwa na miaka arobaini na kidogo alikuwa ajuza asiye na meno. Sisi tunaacha kuzaa tukiwa bado na nguvu, halafu tunabaki miaka mingi tukifinyanga matonge ya watoto wa watoto wetu. Dokta alinionya nisiyaseme haya kama Injili, kwa sababu wasomi bado wanabishana. Sawa, wabishane. Mimi nilimwona mama yangu.

Miaka ikaenda. Mama yangu akafariki nami nikahamia kwenye ua wake wa Katuba, Likasi akafariki, Mama Kalumba akarudi Kambove na baadaye naye tukamzika huko. Mimi nikachukua nafasi yake ya kutazama viatu vya wageni wa siku ya kwanza. Someno akaingia kundi la wakubwa, akapata adabu kwa makofi machache, akawa jike wa heshima. Clarisse akafaulu mtihani wa serikali baada ya kunizeesha, akasomea uuguzi, akaenda kufanya kazi Kolwezi.

Halafu Someno akapata mimba, kwa sababu njia zetu za kuzuia zilishindwa, kama zinavyoshindwa hata Katuba. Niliogopa sana. Alikuwa amelelewa na wamama wenye vitenge, angejulia wapi kuwa mama wa sokwe? Dokta aliandaa biberoni. Siku ya kwanza Someno alimshika mtoto kichwa chini miguu juu, akamtazama, akamgeuza. Siku ya pili mtoto alikuwa kifuani ananyonya. Hakumweka chini. Mwezi mzima sikumwona akimweka chini hata kidogo. Tulimwita mtoto yule Hapa, kwa kuwa ndipo alipotoka, na biberoni ya Dokta ikarudishwa kabatini.

Siku yangu ya mwisho mlinifanyia karamu, mkasema maneno mengi mazuri, mengine hata ya kweli. Baada ya karamu nilikwenda kwenye wavu. Someno alikuja, akaketi upande wa pili, akanipa mgongo wake nikaukuna kwa kijiti, kama ilivyo kawaida yetu. Mtoto wake, Hapa, ana miaka minne sasa. Alikuwa anaruka kwenye kamba, anawasumbua wakubwa, kisha akarudi mbio, akajipenyeza chini ya mkono wa mama yake, akaanza kunyonya.

Mmoja wenu, jina nalihifadhi, alikuwa amesimama nyuma yangu. Ana watoto wawili, na anajua kazi. Alitikisa kichwa.

"Ma Serafina, ule mukubwa bile iko ananyonya bado? Hatuwezi kumutosha?"

Nilimtazama Someno, ambaye hakuwa na mtu wa kumtolea mtoto wake miiba ya samaki.

"Mumuleke anyonye," nilimwambia. "Ule hana kambo."

Halafu nikavua aproni, nikaaga, nikashika njia ya Katuba. Mtoto wa Clarisse alikuwa ameletwa asubuhi ile kutoka Kolwezi, ametolewa ziwani wiki iliyopita, na walikuwa wamenipigia simu kwamba hataki kula.